Domeini Yenye Mwenyewe: Mwongozo Kamili wa Kulipata Jina la Tovuti Lililokwisha Kuchukuliwa

Katikati ya Februari, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni pale Rau, Moshi, alinipigia simu sauti ikiwa juu. "Mwanangu, nimeambiwa jina langu limechukuliwa. Limechukuliwaje na mimi nipo?" Jina lenyewe lilikuwa kwenye kibao cha barabarani, kwenye fulana za wapagazi wanaolala kwake kabla ya kupanda mlima, na kwenye leseni ya biashara. Alichokosa ni jina hilohilo likifuatiwa na .com. Lilikuwa na mtu, na mtu mwenyewe hajulikani.

Natengeneza tovuti za makampuni ya utalii; ofisi yangu ni chumba kimoja Kijenge, Arusha, juu ya duka la vifaa vya umeme. Simu kama ya yule mama napokea kila mwaka, na karibu zote zinaanza na swali lisilo lake: "Ni shilingi ngapi?" Swali la kwanza ni nani amelishika. Ukishamjua, nusu ya bei umeshaijua.

Kwenye karatasi za serikali utakuta neno kikoa. Mimi nitasema domeini, yaani jina la tovuti kama hilo la .com, kwa kuwa ndivyo tunavyosema tukiwa kazini.

Unacholipa ni kilemba

Domeini haiuzwi kama kiwanja. Inalipiwa kwa mwaka, na kwa .com unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Verisign, kampuni ya Marekani inayotunza rejista ya .com, imekuwa ikiwatoza wasajili (kampuni zinazotuandikishia majina) dola 10.26 kwa mwaka kwa kila jina tangu Septemba 2024, na wasajili wanaweka chao juu. Hiyo ndiyo kodi ya pango.

Anayetaka fremu yenye mpangaji pale karibu na Soko Kuu anajua kwamba kodi ni jambo moja na kilemba ni jambo jingine. Kodi inakwenda kwa mwenye nyumba. Kilemba anapewa mpangaji aliyepo ili afungashe akupishe. Domeini ni hivyohivyo. Mtu anayekwambia anataka milioni mbili hakuuzii kitu cha milele, anakupisha kwenye fremu, na mwakani kodi utailipa wewe. Kilemba hakina bei elekezi. Kinategemea yeye anaitaka hela kiasi gani, na amegundua kwamba wewe unaitaka fremu kiasi gani.

Jambo la muda nalo. Kama biashara yako ni ya wageni, usihamishe domeini kati ya Juni na Oktoba. Barua pepe zote za oda zinapita humo, na kosa la dakika moja linaweza kukukosesha kundi zima la wapandaji. Anza kumtafuta mwenye jina Januari au Februari, uhamisho ufanyike Aprili au Mei, mvua za masika zikiwa zimewafukuza wageni na hata ukikosea hakuna wa kuona.

Hatua ya 1: Jua nani amelishika

Kwa .com, .net, .org na ndugu zake, fungua lookup.icann.org, tovuti ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, uandike jina. Huduma ya zamani iliitwa WHOIS, na mafundi wengi bado wanaiita hivyo. Tangu Januari 28, 2025 iliyo rasmi kwa majina ya aina hii ni RDAP, ila kwako wewe msomaji majibu yanafanana.

Usitegemee kuona jina la mtu. Tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ianze kutumika mwaka 2018, wasajili wengi wanaficha jina, simu na anwani. Soma haya yaliyobaki:

- Msajili, yaani kampuni ambako domeini imelipiwa. Huko ndiko uhamisho utakakoanzia.
- Tarehe ya kuandikishwa. Domeini ya 2009 na ya mwezi uliopita ni wanyama wawili tofauti. Kama iliandikishwa wiki mbili baada ya wewe kuanza kujitangaza, kuna mtu alikuwa anakutazama.
- Tarehe ya kuisha muda.
- Hali ya domeini. Neno clientTransferProhibited lisikutishe. Ni kufuli ya kawaida ambayo mwenyewe anaweza kuifungua. Ukikuta redemptionPeriod au pendingDelete, muda umeshapita na jina liko njiani kufutwa; ruka hadi hatua ya 5 mara moja.
- Seva za majina, yaani kompyuta zinazoelekeza jina liende kwenye tovuti ipi. Zikiwa za soko la kuuzia domeini kama Sedo au Afternic, mwenye jina ni mfanyabiashara. Zikiwa za kampuni ya hapa nchini inayohifadhi tovuti, kuna Mtanzania nyuma yake.

Majina ya .co.tz, .or.tz na mengine yanayoishia na .tz hayako chini ya taratibu za ICANN wala hayapatikani vizuri huko. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na usajili unapitia kwa wasajili walioidhinishwa. Tafuta kwenye rejista ya .tz yenyewe, au mwombe msajili wako akutazamie. Siku na makufuli nitakayoyataja huko mbele ni ya .com na wenzake, kwa .tz muulize msajili utaratibu wake kabla hujamwahidi mtu tarehe.

Jina la mtu likifichwa, bado zipo njia. Msajili huwa na fomu au anwani ya barua pepe ya kivuli inayopeleka ujumbe kwa mwenyewe bila wewe kumjua. Pia nenda web.archive.org uweke domeini hiyo uone tovuti ilivyokuwa zamani: ukurasa wa mawasiliano wa miaka kumi iliyopita mara nyingi una simu, S.L.P. na jina la mtaa. Kama ni kampuni iliyosajiliwa, BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, wana taarifa za wakurugenzi wake. Na kwa biashara za utalii kuna njia ninayoipenda kuliko zote: uliza. Madereva na waongoza wageni wa Arusha na Moshi wanafahamiana. Ukitaja jina la kampuni iliyokufa mwaka 2014, mmoja atakwambia mwenyewe siku hizi anauza nini na anauzia wapi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jina la mama. Kumbukumbu za zamani zilionyesha ukurasa mmoja wenye picha ya Kilimanjaro iliyopigwa kutoka upande wa Marangu, na namba ya simu isiyopatikana tena. Nilimpigia mwongoza wageni mmoja wa huko, akacheka. "Huyo bwana aliacha mlima zamani. Anauza spea za pikipiki Himo."

Hatua ya 2: Chunguza jina lilikuwa linafanya nini

Watu wanairuka hatua hii, wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Domeini inabeba historia yake. Ikiwa kati ya tovuti ya hoteli na leo kuna miaka miwili ya kurasa za kamari au dawa za nguvu za kiume kwa lugha usiyoijua, web.archive.org itakuonyesha. Andika pia jina hilo Google ukitanguliza site: uone kama kuna kitu kinatokea. Kisha lipitishe kwenye kipimo cha Spamhaus, wanaotunza orodha ya domeini zinazotumika kutuma barua pepe taka. Jina lililochafuka linaweza kusafishwa, lakini barua pepe zako za kwanza kwa mawakala wa nje zitaangukia kwenye taka, nawe utadhani hawakutaki.

Tazama pia kama jina limehamishwa siku za karibuni. Domeini ya miaka kumi na mitano iliyohama msajili mwezi uliopita, na sasa inauzwa kwa haraka na kwa bei ya kutupwa, inaweza kuwa ya wizi.

Hatua ya 3: Weka bei yako kabla ya kusikia yake

Kuna tovuti iitwayo NameBio inayoweka bei za domeini zilizouzwa hadharani. Ni nzuri kwa kupata picha, ila usiumize kichwa na mauzo makubwa. Ni kweli voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Jina la nyumba yako ya wageni haliko kwenye ligi hiyo.

Mimi natumia kipimo kingine. Piga hesabu ya gharama ya kulikosa: kuchukua jina la akiba, kwa mfano la .co.tz au lenye neno Moshi mwishoni, kubadilisha kibao, kuchapa upya fulana na vipeperushi, kubandika herufi mpya kwenye milango ya magari. Ongeza wageni watakaopotea kwa kuandika .com kwa mazoea. Jumla hiyo ndiyo dari yako. Iandike kwenye karatasi, na wala usiipandishe ukiwa kwenye simu.

Jina la akiba lenyewe liandikishe kweli, leo, kabla ya kuanza mazungumzo. Mtu mwenye pa kwenda anaongea kwa utulivu. Na kama unatazama miishio mingine kama .travel au .tours, angalia bei ya kulipia upya kila mwaka. Baadhi ya majina huko yamepewa daraja la juu, ukiingia kwa bei ndogo unashangaa mwaka wa pili.

Hatua ya 4: Mwendee mwenye jina, kila mtu na mlango wake

Hapa ndipo kazi ilipo. Wenye majina ninaokutana nao ni wa aina nne.

*Fundi aliyekutengenezea tovuti.* Huyu ndiye tatizo kubwa la mji wetu. Kampuni inamlipa kijana atengeneze tovuti, kijana anaandikisha domeini kwenye akaunti yake, kwa barua pepe yake. Miaka minne baadaye wamegombana au amehamia Dar, na domeini imeondoka naye. Kisheria unaweza kuwa na hoja. Kwenye rejista, mwenyewe ni yeye.

Usianze na polisi. Kusanya kwanza risiti, miamala ya simu na ujumbe unaoonyesha kwamba hela ya domeini ilitoka kwako. Kisha mpigie kwa upole, umwombe kitu kimoja tu chenye jina: aihamishie domeini kwenye akaunti yako kwa msajili yuleyule. Mafundi wengi hawakatai, wanachelewesha, kwa sababu wanaona haya, wanadai malipo ya nyuma au wamesahau nenosiri. Nimewahi kumshauri mzee mmoja wa Sakina amlipe kijana laki moja na nusu aliyokuwa anadai, haki au si haki. Mzee alikasirika sana. Siku tatu baadaye domeini ilikuwa kwake, na wakili hata barua ya kwanza alikuwa hajaiandika.

*Biashara iliyofungwa.* Kama yule bwana wa Himo. Hana kazi na jina, analilipia kwa mazoea au kadi yake inakatwa yenyewe bila kujua. Huyu ni mtu wa kuongea naye ana kwa ana, au angalau kwa ujumbe mfupi usio na harufu ya njaa. Niliomuandikia mimi ulikuwa hivi:

"Habari za kazi kaka. Natengeneza tovuti hapa Arusha. Nimeona domeini yako ya zamani haina tovuti kwa sasa. Kama huitumii, kuna mtu anaweza kuihitaji. Unaiuza? Kama ndiyo, unafikiria kiasi gani?"

Angalia yasiyokuwemo. Sikutaja nyumba ya wageni, wala msimu, wala kibao cha barabarani. Sikutaja bei. Ukienda Memorial kununua koti la mitumba, hulishiki lile unalolipenda kwanza. Unashika la jirani, unauliza, halafu kama bahati mbaya mkono unafika pale. Sikusema uongo hata mahali pamoja, ila sikulazimika kumweleza kila kitu. Na usimtumie jumbe tano kwa siku. Moja, subiri wiki, nyingine, subiri wiki mbili.

*Mfanyabiashara wa majina.* Ukiandika domeini ukakuta ukurasa wenye fomu ya kutoa ofa au bei iliyoandikwa wazi, huyu ndiye kazi yake. Anaweza kuwa Marekani, China au Ujerumani, na ana majina elfu kama hilo. Hana huruma wala chuki, na kusubiri miaka mitano hakumsumbui. Toa ofa ya chini isiyo ya matusi, jibu kwa kuchelewa, panda kidogokidogo, na ukifika kwenye dari yako useme hivyo na unyamaze. Wengine hurudi baada ya miezi. Baadhi yao hukubali malipo ya awamu. Soma masharti, maana ukikosa awamu moja unaweza kupoteza jina pamoja na hela ulizokwisha lipa. Ikiwa jina ni la gharama kubwa, dalali wa domeini anaweza kukuficha usijulikane. Kwa jina la dola mia tatu, dalali atakula faida yote.

*Marehemu.* Hili halizungumzwi, lakini limenikuta mara mbili. Mwenye kampuni amefariki, domeini iko kwenye akaunti ambayo hakuna mwenye nenosiri lake. Usikubali kununua kwa shemeji anayesema anaijua simu ya marehemu. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na msajili akiombwa kufungua akaunti atataka kuona nyaraka hizo. Inachukua muda. Nenda na familia taratibu, na muwe mmetazama tarehe ya kuisha muda isije ikawapita mkiwa bado kwenye vikao.

Je, kushitaki? Upo utaratibu wa ICANN wa mwaka 1999 uitwao UDRP, na mojawapo ya taasisi zinazosikiliza mashauri hayo ni WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki lililoko Geneva. Ada yao kwa domeini 1 hadi 5 mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Unatakiwa kuthibitisha mambo matatu yote kwa pamoja: una alama ya biashara inayofanana na jina hilo, aliyelishika hana haki wala sababu halali ya kulitumia, na aliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Hapa wengi wanaangukia kwenye la kwanza. Kusajili jina la biashara au kampuni BRELA si sawa na kusajili alama ya biashara. Ni maombi mawili na vyeti viwili. Na kama yeye aliandikisha domeini mwaka 2010 nawe ukafungua biashara 2019, nia mbaya utaitoa wapi? Kwa .tz kuna utaratibu wake wa malalamiko. Kwa mawazo yangu, njia hii ni ya mtu aliyeibiwa jina waziwazi, si ya aliyechelewa.

Hatua ya 5: Kama muda unaisha, jua kuhesabu siku

Kwa .com, tarehe ya kuisha ikipita jina haliachiwi siku hiyo. Kwanza kuna kipindi cha hadi siku 45 ambacho msajili anaweza kumruhusu mwenyewe kulipia. Urefu wake unategemea msajili. Kisha siku 30 za kukomboa, ambazo mwenyewe bado anaweza kulirudisha lakini kwa faini nzito. Mwisho siku 5 za kusubiri kufutwa, ambazo hakuna anayeweza kuligusa. Baada ya hapo liko wazi kwa yeyote.

Kwa maandishi inaonekana rahisi. Ukweli ni kwamba wasajili wengi hupiga mnada majina mazuri ndani ya kile kipindi cha kwanza, kabla hayajafika kwenye kufutwa. Na yanayofika yanadakwa na mashine za kampuni kama DropCatch na SnapNames ndani ya sekunde. Ukitaka kujaribu, weka oda kwenye zaidi ya kampuni moja ya namna hiyo. Kukaa macho usiku na simu mkononi ni kujichosha.

Na kama mwenyewe anajulikana na ni mtu wa kuongea naye, usisubiri kimya aangukie shimoni. Nimeona domeini ya laki tatu ikadakwa na mfanyabiashara wa nje, ikarudi sokoni kwa dola elfu mbili.

Hatua ya 6: Mwambie athibitishe, kisha andikeni

Mmekubaliana bei. Kabla ya shilingi moja kutoka, hakikisha anayeongea nawe ndiye mwenye funguo. Mwambie aweke rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi, kwenye mipangilio ya domeini (mafundi wanaiita DNS), yenye neno ulilochagua wewe. Mimi nilimpa bwana wa Himo maneno "ndizi-za-rau". Alimtafuta mpwa wake mwenye kompyuta, na jioni nilipoangalia kwa kifaa cha bure cha kutazama rekodi za DNS, maneno yalikuwepo. Tapeli anaweza kukutumia picha ya kitambulisho, cheti, hata picha ya skrini ya akaunti. Rekodi hiyo hawezi kuiweka kama hana akaunti.

Hakuna kishika uchumba kabla ya hapo, hata awe na haraka kiasi gani. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kutuma laki mbili za mteja wangu kwa mtu aliyekuwa na maneno matamu na picha ya skrini. Nilizirudisha kutoka mfukoni mwangu.

Mkataba hauhitaji kurasa kumi. Uwe na majina na vitambulisho vya pande mbili, domeini yenyewe herufi kwa herufi, bei, nani anailipa gharama ya uhamisho, tarehe ya mwisho, na kinachotokea uhamisho ukikwama. Ongeza kama kuna vitu vinavyoambatana: kurasa za Facebook au Instagram zenye jina hilo, picha, nembo. Kwa kiasi kikubwa, wakili aushuhudie.

Ikiwa mnauziana wote mkiwa hapa nchini, bei iandikwe kwa shilingi. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Mji wetu umezoea dola, lakini mkataba wa dola kati ya mtu wa Arusha na mtu wa Himo ni wa kujitafutia balaa.

Hatua ya 7: Hela ikae kwa mtu wa tatu

Akitoa domeini kwanza, yeye ndiye anayeogopa. Ukitoa hela kwanza, ni wewe. Dawa yake ni eskro: unaweka hela kwa mtu wa tatu, muuzaji anahamisha domeini, unathibitisha imefika, ndipo hela inaachiwa. Kwa kununua nje ya nchi, Escrow.com ni ya siku nyingi, na masoko kama Sedo yana utaratibu wao ndani yake. Fungua akaunti na umalize uhakiki wa utambulisho mapema, ujue na njia ya kulipia unayoruhusiwa, kabla hujakubali tarehe. Anwani ya tovuti iandike mwenyewe kwa mkono; ukitumiwa kiungo na muuzaji, usikibonyeze. Tovuti bandia za eskro ni biashara ya watu.

Kwa malipo madogo ya nje, kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni inatosha. Waulize benki kiwango cha juu cha siku, maana kadi nyingi hukataa katikati ya safari. Kiasi kikubwa kinakwenda kwa hawala ya benki, na benki watataka kuona ankara au mkataba.

Kwa muuzaji wa hapa, wakili mnayemwamini wote anaweza kushika hela. Au kaeni meza moja. Mimi na bwana wa Himo tulikaa meza moja.

Hatua ya 8: Siku ya uhamisho

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusukuma domeini kutoka akaunti moja kwenda nyingine kwa msajili yuleyule. Wewe unafungua akaunti pale alipo, yeye anaingiza utambulisho wako, wewe unakubali. Mara nyingi ni dakika chache. Nashauri hii kila inapowezekana, hata kama humpendi msajili huyo, utahama baadaye.

Ya pili ni kuhama msajili. Muuzaji anaondoa kufuli, anaomba kwa msajili wake msimbo wa uhamisho, ambao ni kama nenosiri la kuhamia, anakupa. Wewe unaanzisha uhamisho kwa msajili wako, unaweka msimbo, unalipa ada, ambayo kwa .com huongeza mwaka mmoja juu ya muda uliobaki. Yeye akithibitisha kwa barua pepe, inakwenda haraka. Msajili wa zamani akinyamaza, baada ya siku 5 uhamisho unapita.

Vikwazo vya kukumbuka: domeini iliyoandikishwa au kuhama ndani ya siku 60 zilizopita kwa kawaida haihami, na kubadilisha jina la mwenye domeini kunaweza kuzua kufuli nyingine ya siku 60. Kwa hiyo asianze kubadilisha majina kabla ya kuhama, akidhani anakusaidia.

Tulikutana kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi ya Moshi. Bwana alikuja na mpwa wake, mpwa na laptopu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Chai ikaja, maandazi yakaja, intaneti ya simu yangu ikagawanywa. Mpwa akasukuma domeini, barua pepe ikaingia kwangu, nikakubali, nikaingia kwenye akaunti mpya nikaliona jina likiwa limekaa pale na tarehe yake. Nikatoka nikaingia tena kuhakikisha. Ndipo mama, aliyekuwa kimya muda wote na mkoba mapajani, akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akamtumia bwana shilingi laki tatu na nusu, na ujumbe ulipolia kwenye simu ya bwana tukarudi kwenye maandazi.

Hatua ya 9: Siku ileile, kabla hujalala

Badilisha nenosiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili, rudisha kufuli. Washa kujilipia upya, na uhakikishe kadi iliyopo pale haiishi mwezi ujao. Mwenye domeini aandikwe kampuni au wewe mwenyewe, si fundi, hata fundi akiwa mimi.

Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya domeini hiyohiyo. Muda ukiisha, barua pepe inakufa pamoja nayo, na onyo la msajili linakwenda kwenye sanduku lisilofunguka.

Kama jina lilikuwa linatumika, nakili rekodi zote za DNS kabla ya kubadilisha seva za majina, hasa zile za MX zinazoelekeza barua pepe. Julai moja nilibadilisha seva za kampuni fulani saa tano usiku, nikasahau MX, nikalala. Siku mbili nzima barua pepe zao hazikufika, na mimi ndiye niliyewaambia kazi imekamilika. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea kote, kwa hiyo seva ya zamani inayohifadhi tovuti isizimwe mapema. Jina la akiba ulilokuwa unatumia nalo usiliache; lielekeze kwenye jipya angalau kwa mwaka.

Mwisho, fungua sanduku la kupokea barua zozote zinazotumwa kwenye domeini uliyonunua. Mwenye jina wa zamani alikuwa na wateja, na wengine bado wana anwani yake. Mwezi wa pili baada ya kuhama, mama alipokea barua kutoka kwa Mjerumani aliyepanda mlima na yule bwana miaka hiyo, sasa anataka kurudi na mwanawe. Aliniuliza afanyeje. Barua ilipelekwa Himo, bwana akamkabidhi mgeni kwa kijana wa Marangu anayepanda siku hizi, na baba na mwana wakalala Rau usiku wa kabla ya mlima.